Kofia za Chama Chetu

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu pale mpakani Malaba, mwanangu, malori yamepanga foleni isiyo na mwisho, nami juu ya baiskeli, kipaza sauti cha chama nimekifunga nyuma kwa mpira. Vyama vingi vilikuwa vimeanza juzijuzi tu. Kazi yangu ilikuwa kutangulia sokoni kabla ya mkutano, nisikilize watu wanasema nini, kisha nimwandikie mgombea wetu. Niliipenda mno kazi hiyo.

Siku hizo redio ilitangaza kwamba ng'ambo wanaume wawili wameruhusiwa kuoana. Soko zima likacheka, na wengine wakamtaja Wafula, fundi cherehani aliyeishi na mwanamume mwenzake, Ekisa, karibu na forodha. Wafula ndiye aliyetushonea kofia za chama. Nikaandika: watu hawayataki mambo haya. Nikaandika na jina lake.

Mgombea akayasema yote jukwaani, na jina pia. Makofi yakarindima, nami, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata tulikuwa na mkutano Amukura. Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akasimama, akauliza fundi aliyewashonea watoto wake sare amemkosea nani. Watu wakampigia makofi. Mgombea akanitazama, akafuta jasho, akasema chama chetu hakijawahi kuingilia nyumba ya mtu. Akapigiwa makofi naye. Yote mawili aliyasema kwa sauti ileile tamu.

Nikakanyaga baiskeli hadi Malaba nimpelekee Wafula habari njema. Nilimkuta anafunga cherehani yake kwa kamba. Ekisa alikuwa ameshavuka mpaka.

"Wewe ulisikia watu wakicheka," akaniambia polepole. "Mimi uliniuliza lini?"

Akavuka, nikamtazama mpaka akapotea kati ya malori. Hata leo humwona nikisinzia kibarazani, anaenda tu, hageuki, nami naona aibu upya.

Sasa unaniambia chama unachokiandikia hakijui kiseme nini, maana vijana wenzako wameanza kuziona ndoa hizo kwa jicho lingine. Chama kitafuata makofi, usishangae. Wewe, kabla hujaandika neno, nenda ukabishe hodi kwa yule anayesemwa, ukae, umsikilize. Na lile utakaloandika, liwe neno unaloweza kulisoma mbele yake bila kuinamisha macho.

Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu, na asikubali mlango wa mtu yeyote ufungwe kwa kalamu yako.