Kitanda Kilichogoma Konani

Mdogo wangu tunamwita Msumari. Ni mwembamba, amenyooka, na ukitaka kumpinda lazima utoke jasho. Amekulia kwenye karakana ya useremala ya baba, akipiga msasa kabla hajajua kusoma, na siku alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea uchoraji wa majengo, nyumba nzima tulirukaruka kama tumechaguliwa sisi. Baba peke yake ndiye aliyeendelea kuranda ubao wake.

"Aende," alisema. "Ila wanaokwenda huko hurudi hata nyundo hawajui inashikwa wapi."

Mama akamwambia asimtie mtoto mkosi. Siku ya kufunga sanduku baba alikuja na chupa ya gundi ya mbao, akaivika soksi mbili ili isivuje, akaisukumiza katikati ya nguo. Kwa baba, kiungo kisicho na gundi ni uongo. Parafujo, husema, ni mgeni: leo yupo, kesho kalegea. Karakanani kwetu hakitoki kitu bila gundi, na hakikwami kitu, maana karakana yenyewe ni uwanja ulioezekwa mabati tu. Haina ukuta wa mbele wala mlango. Gari linarudi kinyumenyume, kabati linapakiwa, kwaheri. Hilo mlishike, litatufaa mbele.

Msumari alifika huko asubuhi, macho mekundu kwa kukosa usingizi lakini miguu haikanyagi chini kwa furaha. Aliyempokea ni msichana wa kwetu, mwanafunzi wa uuguzi anayefanya zamu hospitalini, ambaye alikuwa akitafuta mtu wa kuishi naye. Shangazi ndiye aliyetuunganisha naye. Sisi tulianza kumwita Nesi kabla hata hajahitimu.

Nesi si mtu wa maneno mengi. Alimwonyesha jiko, bafu, na chumba chake mwenyewe, ambacho mlango wake unatazama sebule moja kwa moja. Kisha akampeleka kwenye ujia mwembamba wenye kona, mpaka chumba kidogo cha mwisho. Ndani mlikuwa na dirisha, kabati la ukutani, na sakafu. Kitanda cha Msumari kilikuwa bado kwenye boksi pale sebuleni, vipande vipande, kwa maana huko mnunuzi ndiye hujiungia mwenyewe.

"Nikwambie mapema, mdogo wangu," Nesi alisema akivaa viatu vya kazi. "Niliyekaa naye mwanzo alijaza sebule mizigo, mpaka nikawa napita ubavu kwenda bafuni. Sasa hivi hapa hapawekwi kitu. Jioni nikirudi nikute peupe. Wiki hii tunaonjana tu. Tusipowezana, kila mtu ashike njia yake."

"Hamna shida, dada. Utakuta peupe."

Vyumba vingine vyote karibu na chuo vilikuwa vimeshachukuliwa, na Msumari alilijua hilo vizuri.

Lakini mlango ulipofungwa akabaki peke yake na ufunguo mkononi, ufunguo wake, wasiwasi ukakaa pembeni. Alifungua bomba la maji moto, akalifunga, akalifungua tena. Alipanda lifti mpaka juu kabisa bila shughuli yoyote, akashuka, akapanda tena pamoja na bibi mmoja mwenye mbwa, ambaye alimtazama kwa mashaka. Aliwasha taa zote mchana kweupe. Halafu akatupigia simu ya video, nasi tukaacha kazi na kujazana mbele yake. Alitutembeza nyumba nzima, mpaka ndani ya friji tukachungulia. Nilifurahi hadi nikasikia kijiwivu, sioni sababu ya kuficha.

"Milango ya huko mbona myembamba," mama alisema, akamtupia baba jicho. Baba akajifanya hajasikia. Nyumbani kwetu mlango wa chumba cha wazazi ni mpana ajabu, wa kufunguka pande mbili, na tangu utotoni tuliamini ni heshima ya mwenye nyumba.

"Kitanda kiko wapi?" baba akauliza.

Msumari akafungua boksi. Baba akakunja uso alipoziona zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa. "Hizo si mbao, ni biskuti. Gundi unayo?"

"Ninayo, baba."

"Basi tia kila tundu. Parafujo peke yake hapo itakuaibisha."

Lilikuwamo karatasi la maelekezo. Msumari alilitandika chini ili gundi isichafue sakafu. Mtoto wa seremala kusoma karatasi ndipo aunge kitanda ni tusi kwa ukoo mzima. Na hakukiungia chumbani, maana mle mbao zisingetandazika. Alikiungia pale pale sebuleni penye nafasi, kama tunavyofanya siku zote uwanjani, baba akimsimamia kwenye simu: bana hapo, futa iliyovuja, usiwe na pupa, ngoja ishike. Kilipokamilika, na ubao wake mrefu wa kichwani, Msumari alipanda akarukaruka juu yake, nasi tukapiga makofi. Baba alitikisa kichwa kidogo, na kwa baba hivyo ni vigelegele.

Kisha mdogo wangu akakikokota kwenda chumbani. Kwenye kona ya ujia kikagoma. Akakilaza ubavu, kichwa kikagonga ukuta. Akakisimamisha, miguu ikanasa. Akakirudisha sebuleni, akachomoa futi mfukoni, akapima kona, akapima kitanda, akakaa chini. Mtu amevuka mipaka kwenda kusomea nyumba, na kitu cha kwanza alichosahau ni njia ya kupita.

"Baba, hakipiti."

"Kifungue."

"Kina gundi."

Karakana nzima tukatazamana. Gundi ya baba ikishashika, utavunja ubao kabla ya kuvunja kiungo. Ndivyo tunavyojisifu kwa wateja. Baba alijikuna kisogo, akasema kuna mteja anamngoja nje. Hapakuwa na mteja.

Nikabaki mimi kwenye simu. Ile furaha yote ilikuwa imemtoka usoni. "Kaka, huyu atanifukuza siku ya kwanza. Nimwambie nini?"

"Mwambie kama ilivyo, tena kabla hajauliza. Kitanda hakifichiki."

Nesi alipopiga simu kuwa yuko njiani, Msumari alinipigia nikae naye, akaiegemeza simu dirishani. Nikamwona Nesi akiingia na kusimama mlangoni.

"Dada, nimekosea," Msumari akamwahi. "Nimekiungia hapa, nimetia gundi, na pale konani hakipiti. Nipe siku moja nitafute msumeno nikikate."

Nesi alikuwa amesimama wodini kutwa nzima. Aliweka mkoba chini, akakaa ukingoni mwa kitanda. Akajitikisa. Akajitikisa tena kwa nguvu. Kisha akalala chali na viatu vyake.

"Mbona hakilii?"

"Kilie kwa nini?"

"Changu nilikiunga mwenyewe kwa karatasi. Nikigeuka tu, jirani anagonga ukuta."

"Ulitia gundi?"

"Gundi ya nini? Parafujo tu."

Ghafla Msumari akakimbilia mlango wa chumba cha Nesi na futi yake, akapima, akarudi uso unawaka. "Dada, hiki kinaingia kwako bila kukwaruza hata rangi. Chako kinafunguka. Nitakifungua, nikipeleke kwangu vipande vipande, nikiungie mle mle ndani."

Nesi akafungua jicho moja. "Yaani nichukue kipya, wewe uchukue chenye makelele?"

"Makelele niachie mimi."

Walicheka mpaka simu ikaanguka, na mengine nikayasikia tu: parafujo zikidondoka, mtu akisema inua kwako, mtu akisema kidole changu. Waliponiokota, sebuleni palikuwa peupe kama uwanja wa mpira. Sauti ya Nesi ikatoka chumbani kwake, tayari ina usingizi. "Mdogo wangu, ile wiki ya kuonjana sahau. Kaa mpaka umalize chuo."

Msumari aliziba uso kwa mikono, na mimi huku nikapiga mbinja iliyomshtua paka.

Nilipowasimulia nyumbani, mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Mwulizeni baba yenu ukuta wa ule mlango wetu mpana aliupasua lini." Baba akatafuta pa kutazama. "Wiki ya harusi," mama akaendelea. "Kitanda alikiunga uwanjani, na gundi juu. Bibi harusi nimelala mkekani, mwenzenu yuko na nyundo anabomoa nyumba yake mwenyewe."

Baba alingoja tumalize kucheka. "Hajapotea yule," akasema taratibu. "Amekosea vile vile nilivyokosea mimi."

Kisha akaninyang'anya simu, akatoka nayo uwanjani. Nilimfuata nyuma, nikamsikia akimweleza Msumari jinsi ya kuweka vipande vya kitambaa kwenye viungo ili kitanda kisilie.

"Na gundi, baba?" Msumari aliuliza.

Baba alijikuna kisogo. "Hicho usikitie gundi, mwanangu. Kaza parafujo tu, ili siku ya kurudi kifunguke."