Droo ya Arvilla

Ukimtafuta Wendell Kirkeby mwezi wa Novemba, usipoteze muda kumbishia mlangoni. Tafuta miguu. Popote katika kambi yetu ya Coyote Wells utakapoona buti mbili za kahawia zimechomoza chini ya trela, na kando yake kopo la kupulizia, mswaki wa zamani na lundo la matambara, ujue ni yeye, na ujue hatoki mpaka amalize.

Sisi wa Coyote Wells ni wazee tunaokimbia theluji. Tunashuka Arizona na trela zetu Novemba, tunarudi makwetu mwisho wa Machi, wale wenye makwao. Trela hizi zina droo. Ndivyo tunavyoziita, kwa kuwa ni droo kweli, ila za ukubwa wa chumba: kipande kizima cha ukuta, na kitanda au kochi lake ndani, kinasogea nje juu ya reli mbili za meno ukibonyeza swichi, na ghafla una mahali pa kunyoosha miguu. Siku ya safari unabonyeza tena, kinarudi. Kisiporudi huendi popote. Hakuna dereva atakayevuta trela barabara kuu ikiwa imetoa ubavu nje.

Wendell alizijua droo za kambi nzima kuliko wenyewe tulivyozijua. Huko kwao Dakota Kaskazini alitengeneza mashine za kuvunia ngano miaka thelathini, na alipostaafu hakujua kukaa. Hakutaka malipo. Ukimpa pai ya cheri alikuwa akiipokea, akaila akiwa amesimama. Sheria yake ilikuwa moja, na tuliisikia mpaka ikatuchosha: futa kwanza, kisha pulizia kile kilainishi kikavu, kidogo tu, na grisi usiitie kamwe. Vumbi letu ni laini kama unga wa ngano. Likikutana na grisi linanasa, linakuwa msasa, na likikaa miaka linakuwa saruji.

Lonnie Bascom, jirani yetu mwenye mdomo, aliwahi kupaka grisi reli zake. Wendell alizisafisha siku nzima akiwa kifudifudi, kisha jioni, mbele ya watu wote waliokuja na sahani zao za chakula cha pamoja, akamwambia, "Lonnie, hiyo grisi yako iliyobaki kapake mkate." Watu walicheka mpaka machozi. Lonnie hakusahau.

Sasa mimi nieleze lile ninalolijua peke yangu, maana nina mkono ndani yake.

Arvilla, mke wa Wendell, alipoanza kuugua mifupa, kitanda chake kilikuwa ndani ya droo, chini ya dirisha linalotazama milima ya mashariki. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alifundisha kwaya ya shule maisha yake yote na alikuwa na masikio makali, basi. Upepo wa magharibi ukija, droo ilikuwa ikitikisika kidogo na chuma kulia juu ya chuma. Wewe na mimi tusingeusikia mlio huo. Yeye kila alipokaribia kulala ulimwamsha, na usingizi ndio pekee uliokuwa ukimpumzisha maumivu. Wendell akapulizia kilainishi chake kikavu. Kikadumu saa moja, mlio ukarudi. Akapulizia tena. Alifanya hivyo wiki nzima, mchana na usiku, mpaka akawa na macho ya mgonjwa yeye mwenyewe.

Nilikuwa na kopo la marehemu mume wangu, Merle, grisi nyekundu nzito ya beringi za magurudumu. Nilimpelekea. Aliingia chini akaipaka kwa vidole, reli zote mbili, meno yote, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayepaka dawa kwenye kidonda. Alipotoka alinitazama, mikono yake ikiwa imekuwa myekundu.

"Opal, ukimwambia Lonnie, nahama kambi hii."

"Nani kaona kitu?" nikamjibu.

Arvilla alilala mchana ule mpaka jua likazama. Aliishi wiki tano zaidi, na akalala karibu zote. Alifariki mwezi wa Februari.

Machi ile sote tuliondoka, Wendell akabaki. Alisema ataondoka baadaye. Niliporudi Novemba nilimkuta pale pale. Alikuwa amekaa na joto la kiangazi linalopasua viatu, na droo ilikuwa nje, na kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akakaa mwaka uliofuata, na uliofuata. Miaka sita. Alikuwa akilala upande wake wa ukutani na kuacha upande wa dirishani. Alizunguka kambi nzima akitukumbusha kwamba droo lazima iingizwe na kutolewa angalau mara moja kwa mwezi isije ikazoea kukaa, na yake hakuigusa. Nilimwona akipita kando ya reli zile bila kuinama. Nilipaswa kusema neno. Niliona haya, nikajiambia si shughuli yangu.

Mwaka huu, Januari, ikaja barua. Kambi imeuzwa. Wote tuwe tumeondoka ifikapo Ijumaa ya mwisho ya Machi, saa sita mchana, kisha lango linafungwa. Trela itakayobaki itavunjwa.

Corinne, binti yao aliyeko Idaho, alimtayarishia baba yake nafasi kando ya gereji yake: akamwaga kokoto, akavuta umeme, akatuma na picha. Nilikuwa na hofu Wendell atakataa, lakini alifurahi, kwa kadiri yake. Aliikagua ile picha kwa muda mrefu, akaniuliza upande gani ni mashariki. Nilimwambia sijui, amuulize binti yake.

"Nimeshamuuliza," akasema. "Trela inaingia kwa nyuma, dirisha linatazama kunakotoka jua. Mahali sijali, Opal. Nataka tu niwe naamkia upande ule ule."

Hilo ndilo alilolitaka duniani, na halikuwa jambo kubwa.

Lakini kambi ilikuwa na trela arobaini na nne, na wenye trela arobaini na watatu kati yetu tulishikwa na kiwewe kwa mpigo. Droo zilizokaa nje miezi mitano zikagoma. Raba za pembeni zilizokauka zikachanika. Kila asubuhi palikuwa na mtu mlangoni kwa Wendell, na kila asubuhi alibeba matambara yake akaenda. Alianza na wagonjwa, kisha wajane, kisha wengine. Nilimwambia mara mbili, mara tatu, ageukie yake.

"Yangu ni moja tu. Itangoja."

Nadhani alijua. Nadhani alijua vizuri kabisa kilichokuwa kule chini na alikuwa akikikimbia kwa kujificha chini ya trela zetu. Na sisi tulimtumia. Jumanne ya wiki ile ya mwisho alitengeneza droo yangu. Nilimpikia mayai na viazi, nikafurahi ilivyorudi ndani kwa ulaini, na sikumuuliza kitu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jumatano asubuhi buti zilichomoza chini ya trela yake mwenyewe. Nilichutama nikachungulia. Grisi ya Merle haikuwa nyekundu tena. Ilikuwa nyeusi, imejaa mchanga, manyoya ya paka na miba, ngumu kiasi kwamba bisibisi iliteleza juu yake. Meno ya reli hayakuonekana kabisa. Wendell hakulaani. Aliomba mafuta ya taa tu, akaanza kuyamimina na kukwangua, jino baada ya jino. Ukitaka mafuta ya taa yalainishe kitu cha namna ile yape muda, na muda wetu ulikuwa siku mbili na nusu.

Alhamisi akaja Lonnie na hendeli yake ya kuzungushia kwa mkono, kwa sababu mota ya droo ya Wendell ilikuwa imenguruma mara moja ikatoa moshi. Alilala ubavu, akatazama ndani, akaanza kutabasamu. Miaka yote ile alikuwa akiingoja nafasi hii.

"Fundi mkuu. Ni nani mpumbavu aliyekupakia grisi huku?"

"Mimi," Wendell akajibu toka chini.

"Wewe?" Lonnie akageukia watu waliokuwa wamekusanyika. "Jamani, leteni mkate."

Wawili watatu wakacheka. Wendell aliendelea kukwangua. Angevumilia, najua, angeacha wamcheke mpaka Ijumaa kuliko kumtaja mkewe. Mimi sikuweza.

"Nilimpa mimi hiyo grisi," nikasema. "Reli zilikuwa zinalia na Arvilla alikuwa halali. Zilipopakwa hiyo, akalala. Cheka sasa."

Lonnie alivua kofia yake, akaiweka juu ya tairi, akajisukuma chini ya trela na kitambi chake chote, na hakutoka mpaka giza lilipoingia.

Ijumaa saa nne dereva aliyeagizwa na Corinne alifika na gari lake la kuvutia. Wendell alikuwa ameshafungua mota na gia zake zote ili kusiwe na kitu kinachoishika droo isipokuwa ile saruji. Tulikuwa watu sita, mdogo wetu akiwa na miaka sitini na nane. Tukaweka mabega ukutani, Lonnie akahesabu, tukasukuma. Droo ikalia, ikaingia kiasi cha shubiri moja. Tukapiga kelele kama watoto. Tukasukuma tena. Haikusogea. Tukasukuma kwa jeki, tukaweka mbao, Wendell akarudi chini na mafuta ya taa, akatoka, tukasukuma. Bibi mmoja akapata kizunguzungu ikabidi akae.

Dereva alikuwa mtu mwema. Alisubiri mpaka saa tano na nusu. Kisha akaja kwangu, si kwa Wendell, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ikiwa hivyo siwezi kuitoa. Ikimgonga mtu barabarani nitakwenda jela." Nilimuuliza kama anaweza kurudi Jumatatu. Alisema ana safari mpaka katikati ya Aprili. Nikamwendea binti wa ofisi ya wenye kambi wapya, aliyesimama langoni na karatasi zake. Nilimwomba siku tatu. Nilimwomba kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu.

"Nimepewa saa sita, mama," akasema. Alikuwa karibu kulia. "Saa sikuipanga mimi."

Wendell akamshukuru. Hebu fikiria, akamshukuru! Kisha aliingia ndani akatoka na blanketi la Arvilla, saa ya ukutani na maboksi mawili. Godoro alilitandika vizuri akaliacha. Niliyaona hayo kupitia dirishani na sikuingia.

Nilikuwa nimehamisha trela yangu kwenye uwanja wa kokoto ng'ambo ya barabara, kumngoja Corinne aliyekuwa akija kwa gari kumchukua baba yake. Wendell alikaa kwangu siku tatu, analala kwenye kochi ndani ya droo aliyoitengeneza mwenyewe, ile iliyotoka kwa ulaini. Jumamosi aliuliza kama nina kitambaa, akaenda kufuta reli zangu. Hazikuwa na vumbi.

Corinne alifika Jumatatu asubuhi, na alikuwa akipakia maboksi wakati katapila lilipoanza kazi ng'ambo ile. Nilimwambia Wendell tuingie ndani tunywe kahawa. Alikataa. Tukasimama kwenye waya wa uzio, sisi wawili.

Katapila lilipitisha mkono wake chini ya trela, upande wa dirisha, likaiinua ili iinamie upande wa pili. Dereva wake akapunguza injini kuangalia kama mnyororo ulioishika trela umekaa sawa, pakawa kimya. Na hapo, bila kusukumwa na mtu, droo ikaanza kusogea. Mafuta ya taa yalikuwa yamefanya kazi yake siku zile tatu, sisi tukiwa hatupo. Ikarudi ndani taratibu, yote, mpaka raba zikabana ukuta na trela ikawa kamili, tayari kwa safari.

Wendell alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili.

"Umesikia mlio wowote, Opal?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Wendell."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kwa namna alivyokuwa akifanya anapotoka chini ya trela ya mtu na kazi imekaa sawa. "Basi hata yeye asingeamka," akasema.

Kisha dereva akakanyaga mafuta, na jino la kwanza la katapila likaingia kwenye dirisha la mashariki.