Peni ya Mwende Iliyokwenda Sadaka

Enzi zetu pale mtaani Mbotela, pesa ilikuwa kitu cha kushikwa. Ndururu, yaani senti tano, ilinunua peremende, peni ya senti kumi ilinunua mabuyu yaliyotupaka ulimi rangi nyekundu, na tukichoka kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, nje ya nyumba za kanjo tulizopangishwa na baraza la jiji, dada yangu Mwende alituketisha mlangoni atuonyeshe sarafu zake.

Watoto wengine walikusanya vifuniko vya soda. Mwende alikusanya sarafu zenye makosa ya kiwandani. Alizigeuzageuza juani akizilinganisha: hii tarakimu za mwaka ni nene kuliko za wenzake, hii nembo imelala upande. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa peni ambayo chapa ilienda kando, simba mmoja wa nembo akakatika kiunoni na ukingo wa pili ukabaki mtupu. Tulipombishia kwamba mtu aliigonga tu kwa nyundo, alitushika vidole akavipitisha ukingoni.

"Iliyoumizwa huwa na makovu," alisema. "Hii ilizaliwa hivi."

Jumapili moja Mama, akikimbilia kanisani, aliiokota peni ile mezani pasipo kuitazama, akaitia kwenye kapu la sadaka. Mwende aligundua tuliporudi nyumbani. Machozi yalimtiririka hadi kwenye kola ya gauni. Baba, dereva wa lori na mtu wa utani, alisema basi Mungu naye ana peni mbovu.

Mama alijifunga leso tena, akaturudisha kanisani. Mzee wa kanisa alikuwa bado na kapu, naye akamweleza kwamba kilichotolewa hakirudi. Mama akafungua fundo la leso, akatoa shilingi nzima, ile ya mkate na maziwa.

"Mpe Mungu hii," alisema kwa upole. "Hiyo nyingine ni ya mtoto wangu."

Jioni tulikunywa chai ya rangi bila kitafunio. Hata Baba hakunung'unika. Mwende, peni yake imerudi kiganjani, alimwegemea Mama mpaka usingizi ukamchukua.

Siku hizi watoto wa Mwende, wajukuu wa Mama, hulipa kwa kubonyeza simu, na nikiwapa sarafu hutafuta pa kuiacha. Siwalaumu. Mama yao naye wakimkumbuka humtumia picha ya kopa, ule moyo mwekundu wa kwenye simu, wakaendelea na mambo yao. Mama yangu alitutoka zamani, na kila nikijaribu kuwasimulia jinsi alivyotembea mbele yetu mchana ule, viatu mkononi kwa sababu vilimbana, wananisikiliza kwa adabu, jicho moja kwenye simu.