Mbuzi wa Ijumaa

Kariakoo haimwachi mtu na jina la ubatizo. Bruda Benjamini, mtu wa Masasi, ameshuka sokoni kila asubuhi kwa miaka thelathini na kikapu chake, kanzu ya kahawia, kamba nyeupe kiunoni. Basi wabeba mizigo wakamwita Bruda Kamba, na likamganda. Kamba ina mafundo matatu: umaskini, useja, utii. Ukimuuliza atakueleza, usipomuuliza atakueleza vilevile.

Zamani naye alibeba magunia ya vitunguu mitaa hiyohiyo, na mdomo wake ulikuwa mchafu, tusidanganyane. Kilichompeleka kwa mabruda hakikuwa sala, zilikuwa kanuni. Alimpenda yule mtakatifu wao wa miaka mia nane iliyopita kwa sababu aliwaandikia kila kitu: kanzu mbili zatosha, ya kuvaa na ya akiba, mfunge lini, mtembeeje. Kwa mtu aliyekuwa akilala kwenye baraza za watu bila kujua kesho atakula nini, hiyo ilikuwa raha kubwa. Akazishika kanuni mpaka wenzake wakamchoka. Ijumaa ndiyo usiseme. Tangu aweke nadhiri hajatia nyama mdomoni siku ya Ijumaa, na jambo hilo alilionea fahari kuliko alivyopenda kukiri kwenye kitubio.

Rafiki yake mkubwa pale sokoni ni Bi Zamzam, muuza nazi wa Mtaa wa Tandamti. Kila siku humwekea Bruda nazi mbili zilizopasuka, bure. Mtindo huo aliuanza mumewe, marehemu Mbaruku, aliyekuwa pia na desturi ya kufuturisha watu nyumbani kwake Magomeni kila Ijumaa ya kwanza ya Ramadhani, awe jirani, awe mpita njia. Tangu afariki, mwaka wa pili sasa, jamvi lake halijatandikwa.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani ziliingia wiki moja. Bi Zamzam akamwita.

"Bruda, nyie mmefunga, sisi tumefunga. Ijumaa njooni tufuturu pamoja. Nataka jamvi la marehemu litandikwe tena."

"Tutakuja, Bi Zamzam."

"Ila nikwambie. Shemeji yangu Sadalla anasema mtakuja lakini chakula changu hamtakigusa, eti nyie mna mambo yenu. Mkiniaibisha mbele ya watu, mimi jamvi lile nitaligawa."

Benjamini akacheka. Yeye, aache chakula? Hakujua mwenzake anapanga kupika nini. Na Bi Zamzam naye angejulia wapi kwamba Ijumaa ya Kwaresima Mkatoliki hali nyama hata jua likizama? Kwao ikiadhiniwa magharibi, mfungo wa siku hiyo umekwisha.

Wakaenda wawili, yeye na mkuu wa nyumba yao, Bruda Zakayo, mtu wa miaka arobaini anayecheka upesi. Tende zikapita, uji wa pilipili manga ukapita, Benjamini akajisikia yuko nyumbani. Kisha likaja sinia: mihogo ya nazi, imepikwa pamoja na nyama ya mbuzi. Akapiga hesabu ya kula mihogo tu, lakini mchuzi wote ulikuwa wa mbuzi yuleyule. Na kabla hajamaliza hesabu, Bi Zamzam akamwekea paja zima upande wake.

"Hili la mgeni," akasema, akarudi kusimama mlangoni.

Jamvini walikuwa watu wanane. Sadalla, mdogo wa marehemu Mbaruku, mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, hakula. Alikuwa anamtazama Bruda.

Benjamini akamgeukia Zakayo. Si kuna nadhiri ya utii? Neno moja tu la mkuu, kula au usile, lingemwokoa. Zakayo akamwinamia sikioni.

"Kwani leo mchana nani alisoma kanuni mezani?"

Nyumbani kwao kila Ijumaa husomwa kipande cha kanuni wakati wa chakula, hata kile kidogo cha mfungo, na msomaji wa leo alikuwa Benjamini mwenyewe, kwa sauti yake ya mbeba mizigo anayeomba njia. Kipande cha leo kilisema: ndugu wakiingia nyumba ya watu, na wale chochote wanachoandaliwa. Kwa miaka thelathini alikuwa akikipita kipengele hicho mbiombio, maana hakikuwa na ugumu wowote wa kujivunia.

Akamkasirikia mtakatifu, kweli kabisa. Akamtazama Bi Zamzam pale mlangoni, ncha ya kanga anaikunja na kuikunjua, midomo imemkauka. Akasema sala ya chakula, bismillahi yake, kwa Kimakua cha kwao, akanyofoa paja.

Alikuwa mtamu, yule mbuzi. Benjamini aliona aibu, halafu aibu ikamtoka, akaomba aongezewe mchuzi. Bi Zamzam akaingia ndani haraka, na watu wote jamvini wakajifanya hawajamwona akijifuta macho.

Wakati wa kuaga, Sadalla akamsindikiza hadi barazani.

"Bruda, mimi nimeendesha gari la shule ya misheni miaka kumi na moja. Leo ni Ijumaa ya Kwaresima. Mbuzi nilimleta mimi."

"Kumbe."

"Sasa mbona umekula?"

"Niliwekewa," Benjamini akasema. Njia nzima ya kurudi Zakayo alikuwa akicheka peke yake.

Ijumaa iliyofuata, magharibi ikikaribia, lango la mabruda likagongwa. Benjamini akafungua, akamkuta Sadalla ameshika sufuria lililofungwa kitambaa.

"Samaki wa kupaka," Sadalla akasema bila kumtazama. "Nimemwomba shemeji anifundishe. Bado dakika ishirini iadhiniwe, na kula peke yangu sijazoea. Mna jamvi?"

Hawakuwa nalo. Nyumba ile ina meza, ina mabenchi, haijawahi kuwa na jamvi. Bruda Kamba akaingia chumbani kwake, akatoa ile kanzu ya pili, ya akiba, aliyoipiga pasi Jumatano, akaitandika sakafuni.

"Karibu ukae," akasema.