Tulivyomfuata Gaju hadi Kasulu

Niliondoka Busunzu kwa sababu ng'ombe wangu wa mahari aliibwa siku tano kabla ya kupelekwa kwa Mzee Kagoma, baba yake Melania. Alikuwa jike mwekundu, tukimwita Gaju, na zizini kwetu hakukuwa na mwingine. Mzee Kagoma alikwisha sema kwamba Jumapili ikipita bila ng'ombe, atamsikiliza fundi cherehani wa Kibondo, ambaye naye alikuwa ameleta maneno ya posa. Fundi yule alikuwa na suruali tatu. Mimi nilikuwa na Gaju.

Ilikuwa mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mstari kama madawati, na ng'ombe wa watu wote walipita njia moja. Asubuhi ile ya Jumanne wanaume walizitazama nyayo zilizochanganyika, wakanipa pole. Pacha wangu Bukuru aliinama.

"Huyu hapa," akasema. "Mguu wa nyuma wa kushoto anautupa nje. Na watu wawili wako naye."

Kisha akaanza kutembea, bila kumuaga mtu.

Bukuru hakuwa mtu wa kuaga wala kusalimia. Hakumtazama mtu machoni. Kelele zilimtesa, akawa anaziba masikio hata kengele ya shule ilipogongwa, ndiyo maana mimi nilimaliza darasa la saba na yeye akaishia la pili. Viazi vyake havikutakiwa kugusana na maharage. Lakini angeweza kumtazama ng'ombe mmoja tangu asubuhi hadi jua linazama, na uongo hakuujua kabisa. Wengine walisema amerogwa. Mama alisema, "Bukuru ni Bukuru," akaendelea kumtengea viazi vyake.

Mimi nilichukua mkuki wa babu. Nilijiona shujaa wa safari hii, na Bukuru kama mtu wa kunionyesha njia tu. Kabla hatujalivuka shamba la mihogo la jirani, mkuki ulikuwa umenasa kwenye matawi mara nne.

Jumanne yote tulipita miombo, chini ya mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Mbung'o walituuma. Bukuru alitembea akiwa ameinama, mimi nyuma yake nikichungulia vichakani kwa ukali, hadi kware aliporuka na mimi nikakaa chini.

"Ni kware," Bukuru akasema.

"Najua."

"Mbona umekaa?"

Niliinuka, nikaokota mkuki.

Jumatano asubuhi, karibu na Makere, tulimkuta mtu mmoja amesimama kando ya njia. Alivaa koti la kaki na katambuga za tairi, na uso wake ulikuwa mwema.

"Mwakeye, mwanangu," akanisalimu.

Kwetu Buha salamu haikatwi. Anayekuzidi umri akikusalimu, unasimama, unainama, unapiga makofi taratibu, na unajibu mpaka yeye aishiwe. Makofi yanataka mikono miwili, kwa hiyo nikaulaza mkuki chini. Akauliza habari za nyumbani, za mama, za maharage, za mvua, za kijiji kipya. Akauliza hata shangazi yangu anaendeleaje, nami nikamweleza maumivu ya goti lake. Bukuru alikwisha mpita kama anavyopita kisiki.

"Msamehe ndugu yangu, baba," nikasema kwa aibu. "Hakufunzwa."

"Vijana wa siku hizi," akasema kwa upole. "Mnakwenda wapi?"

Nikamweleza yote, mpaka rangi ya Gaju. Akasikitika sana. "Poleni. Nimewaona watu na ng'ombe huyo jana, wanaelekea Kakonko."

Nilimshukuru, nikamkimbilia Bukuru. "Turudi. Wamekwenda Kakonko."

"Nyayo haziendi Kakonko."

"Mzee amewaona kwa macho yake."

"Nyayo haziendi Kakonko," akarudia, akaendelea.

Nilirudi peke yangu, nikatembea kuelekea Kakonko mpaka njaa ikanikumbusha kwamba chakula chote kiko kwa Bukuru. Nikageuka. Nilimpata alasiri, amekaa penye njia panda, kiazi changu amekiweka juu ya jani.

Alhamisi asubuhi tuliingia Kasulu. Ilikuwa siku ya mnada. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo: wenye maduka wamesimama milangoni, akina mama na mikungu ya ndizi, ng'ombe wanalia. Bukuru aliziba masikio, akafumba macho nusu, akaenda. Mbele yetu lori lilikuwa linanguruma, na kijana mmoja alikuwa anamsukuma Gaju apande ubao. Ng'ombe alikuwa amebakiza hatua mbili.

Niliinua mkuki. Saa yangu imefika, nikajiambia.

"Mwakeye, mwanangu," sauti ikasema kando yangu. "Na goti la shangazi?"

Alikuwa ni yule mwenye koti la kaki. Naandika haya kwa aibu: nililaza mkuki chini, nikainama, nikaanza kupiga makofi. Yeye akaukanyaga mkuki, akaniuliza habari za safari. Nilikuwa najibu kwamba ni njema.

Bukuru hakumsalimu mtu. Alipita katikati yetu, akaketi mbele ya gurudumu la lori, mgongo kwenye tairi, mikono masikioni. Dereva alimtukana. Utingo akamvuta, hakuvutika. Mwili wake ulitetemeka kwa ule mngurumo, lakini hakuondoka. Mgambo akaja, akaamuru injini izimwe.

"Ng'ombe ni wa Butoyi," Bukuru akasema akitazama chini. Butoyi ni mimi.

"Alama yake?" mgambo akauliza.

"Chini ya ulimi kuna doa jeusi. Lina umbo la harage."

Gaju alifunguliwa kinywa. Watu wakachungulia, wakacheka. Doa lilikuwepo. Kijana wa ubaoni alikamatwa. Mwenye koti la kaki alikuwa ameshaondoka, bila kuaga.

"Alikuwa mwizi," nikasema.

"Ndiyo," Bukuru akasema. "Katambuga yake ya kushoto imekatika kisigino. Tuliifuata toka nyumbani."

"Mbona hukuniambia kule Makere?"

"Ulikuwa unasalimia."

Tulirudi Gaju akiwa katikati yetu. Kila niliyekutana naye njiani nilimsalimu kwa ufupi, na kila mara moyo uliniuma.

Jumapili tulifika kwa Mzee Kagoma. Nilikuwa nimetunga maneno tangu tulipopita Makere tukirudi: jinsi nilivyoinua mkuki, jinsi wezi walivyotawanyika. Nikaanza kusimulia. Melania alikuwa mlangoni anasikiliza.

"Hapana," Bukuru akasema. "Alimsalimia mwizi. Mara mbili. Alimweleza goti la shangazi."

Nilitazama miguu yangu, nikaziona suruali tatu za fundi cherehani zikipita.

Mzee Kagoma aliniuliza, "Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

Alicheka mpaka akajifuta macho. "Anayemheshimu hata mwizi hatamkosea heshima binti yangu," akasema. "Kaeni." Kisha akamgeukia Bukuru. "Lakini wewe, mwanangu, siku za mnada njoo unichungie ng'ombe. Huyu pacha wako abaki nyumbani na salamu zake."

Bukuru alikuwa ameinama. Alikuwa anatazama mguu wa Gaju wa nyuma, wa kushoto. Melania alimletea viazi, na maharage kwenye sahani nyingine. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo. Nilichojifunza katika safari ile ni kutazama kabla ya kupiga makofi, na Melania alikuwa amekwisha tazama.