Zege Lililoamshwa

Watu husema saruji inakauka. Mama Koleo, aliyechanganya zege miaka kumi na minne kwenye majengo ya watu, hakukubali hata siku moja.

"Nguo ndiyo inakauka," aliwaambia wageni wa kazi. "Saruji inashikana na maji. Humo ndani zinaota sindano ndogo usizoziona, zinafumana kama vidole vya mikono miwili. Ukishazikata, hazifumani tena sawasawa."

Alijua, na bado alizikata.

Siku moja winchi ya kupandishia zege iligoma. Ilipokubali, lundo la zege la roshani ya ghorofani lilikuwa limeshaanza kushika. Fundi mkuu akachungulia kutoka juu.

"Mama, lirushie maji liamke! Au tulale hapa?"

Akalivunjavunja kwa koleo, akamwaga maji. Likalainika kama uji. Wenzake wakacheka, "Umefufua maiti!" Roshani ikamwagwa, ikapigwa plasta na rangi. Ikapendeza.

Tangu hapo, sahani ikidondoka kwa jirani, yeye hudhani ni ile roshani. Lakini angesema, nani angemwita tena kazini? Akafunga mdomo.

Miaka mitatu baadaye binti yake akapanga chumba. Mama Koleo akafuata njia aliyoelekezwa, akajikuta kwenye lango la jengo lile lile.

"Karibu mama, pita huku roshanini, kuna upepo," binti akasema alipofika juu.

"Hapa mlangoni panatosha."

"Wewe? Tangu lini ukaogopa ghorofa?"

Mjukuu akaanza kutambaa kuelekea roshanini. Bibi akamdaka mguu, mtoto akaangua kilio. Kisha bibi akapiga magoti, akakwangua ukingo wa sakafu ya roshani kwa ufunguo. Ukamwagika unga, kama wa chaki.

"Mama, vipi?"

Akasema yote, macho chini, akingoja maneno makali. Binti alimbeba mtoto, akafunga mlango wa roshani kwa komeo.

"Na wa chini?" akauliza. "Yule dada mshonaji anaweka cherehani hapo chini kwenye kivuli cha roshani hii."

Miaka yote hiyo Mama Koleo alikuwa amewaza wa juu tu. Akashuka ngazi akipapasa ukuta. Cherehani ilikuwa inalia. Akasimama juani, nje ya kivuli.

"Hodi, dada. Hamisha kiti chako kwanza, tafadhali. Halafu nikwambie mimi ni nani."