Paa la Urbanus

Urbanus alikuwa na mikono ya kazi, ila kuezeka kulimpiga chenga, na mwenyewe hakulijua hilo. Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa alishuka kutoka mlimani, akajenga Kidete, karibu na reli. Mkewe Odilia akagoma.

"Baba Regina, sihamii nyumba ambayo haijanyeshewa. Mvua ikija, nitakuja kuikagua."

"Wewe! Hapa nimeezeka mwenyewe, na tangu tuoane nimewahi kulowa hata siku moja?"

Odilia akarudi kwenye mihogo yake.

Mvua nayo ikagoma. Vuli ikapita kavu, mto Mkondoa ukabaki mchanga mtupu, na mbegu zikaishia tumboni mwa mchwa. Kila alipoulizwa na balozi wa nyumba kumi alipo mkewe, Urbanus alijibu, "Anamalizia mihogo, anakuja." Mwishowe balozi akamwambia lori la serikali litamfuata Odilia mlimani. Urbanus alishawaona walioletwa na lori, wameshuka wakilia na magodoro yao. Hakutaka mkewe aje hivyo. Alimtaka aje kwa hiari yake, na alimkumbuka mno, hasa wakati wa kula.

Alasiri moja mvua ikashuka kweli kweli. Kijiji kizima kilitoka nje kucheza, wazee kwa watoto. Urbanus peke yake alikimbilia ndani. Tone likaangukia kitanda. Mengine yakazima moto jikoni.

"Mungu wangu, leo jamani?"

"Hodi!"

Odilia alikuwa mlangoni, amelowa chapachapa, rundo la sufuria kichwani, kuku kwapani. Alitoka mlimani alipoona wingu la kwanza. Akatazama juu.

"Rudi tu, Mama Regina," Urbanus alisema. "Nitazungumza na balozi."

Odilia alitua mzigo, akaanza kutega sufuria chini ya matone, haraka, kama mtu aliyezoea.

"Kule mlimani pia kulivuja," alisema. "Wewe ulilala fofofo, mimi nikihangaika na hizi."

"Miaka yote hiyo? Mbona hukuniambia?"

"Ulilipenda sana paa lako."

"Sasa uligomea nini?"

"Niliogopa kuiacha nyumba niliyomzalia Regina. Leo nimeona wingu, nikajua utalowa peke yako. Nikashindwa kukaa."

Urbanus aliichukua sufuria ya mwisho mkononi mwa Odilia, akaitega mwenyewe, upande wa kitanda atakaolala mkewe.